Kutoka Basotu hadi Kisongo kwa Kisado cha Maharage

Safari yote ilinigharimu mayai mia tatu, ndoo moja ya asali, beberu mmoja ambaye hata hivyo nilikuwa namtafutia sababu ya kuondoka, na debe moja na kisado cha maharage. Nimehesabu mara mbili. Ipo na sauti yangu, iliyokauka kwa kubembeleza watu, lakini hiyo ilirudi yenyewe bila kudaiwa, kwa hiyo siiweki kwenye hesabu.

Kwa gharama hiyo nilimsafirisha baba yangu kwa ndege kutoka kiwanja cha mashamba ya ngano, upande wa Basotu, mpaka kiwanja kidogo cha Kisongo, nje ya mji wa Arusha. Ukipita juu moja kwa moja ni kama kilomita mia mbili, na ile ndege ndogo ilizimaliza kwa muda usiofika saa moja. Kwa lori, barabara ikiwa nzuri, ilikuwa kazi ya siku nzima na ya mgongo wako. Barabara ikiwa mbaya, ilikuwa kazi ya Mungu. Na kwa baba yangu, aliyekwenda Arusha mara moja tu, ujanani, akiswaga ng'ombe wa kuuza, Arusha ilikuwa mahali unapofika baada ya kulala njiani mara tisa. Hicho ndicho kipimo alichokuwa nacho, na hakuwa mtu wa kubadilisha kipimo katikati ya biashara.

Sisi ni watu wa Endasak, kwenye mteremko wa mlima Hanang, mahindi na maharage. Mimi nilikuwa nimehamia Katesh kufanya biashara sokoni. Ndiyo miaka ile serikali ililima ngano huko Basotu mpaka jicho likachoka kutazama, na wafanyakazi wa mashamba walikuwa na mshahara lakini hawakuwa na kuku. Mimi nilikuwa na kuku, na pale nilipopungukiwa nilijua nani anao. Niliwauzia mayai, asali na vitunguu, nao waliniuzia sabuni wakati sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Kupatana bei nilirithi kwa baba. Alinifundisha nikiwa mdogo kwamba debe likiletwa mbele yako, kwanza ligeuze utazame kitako. Kitako kikiwa kimebonyea kwenda ndani, umeshaibiwa kabla hujasalimia.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alianza kwa kulalamika kwamba mama anapika bila kuwasha taa, na taa ilikuwa mbele yake. Halafu ikawa anatambua watu kwa hatua zao. Siku moja mbuzi alikohoa nyuma ya zizi, na mbuzi wetu walikuwa wanakohoa kama watu wazima, baba akaitikia, "Marahaba." Hakuna aliyecheka mbele yake. Mama alikwenda kucheka jikoni, kisha nikasikia kicheko kimekatika na hakurudi kwa muda.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa mnada. Aliacha kwenda mnadani Katesh. Hakutoa sababu, alisema tu kwamba mtu asiyeona meno ya ng'ombe anakwenda mnadani kuwasindikiza wengine. Alikaa mlangoni na kuwauliza wanaorudi bei ya kila kitu, kisha anawaambia walivyopunjwa. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo halikumpa furaha.

Muuguzi mmoja wa kituo cha afya Katesh, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka Mtwara na ambaye bado alikuwa analala na masweta mawili, ndiye aliyeniambia kwamba madaktari wa macho wamekuja Arusha. Wangepasua kwa wiki moja. Ijumaa mchana ndiyo mwisho wa kupokea wagonjwa, na baada ya hapo hakuna aliyejua wangerudi lini. Aliniambia hivyo Jumatatu. Nilimuuliza, kwa mzee kama wangu, kuna haraka gani. Akasema akiendelea kungoja kuna macho ambayo hayarudi tena. Alisema taratibu, huku ananunua vitunguu, na hata bei hakuomba nipunguze.

Mvua ilikuwa imekata barabara Magugu. Malori yalikuwa yamepanga mstari Babati, madereva wamekuwa wenyeji, wengine wameanza kuitwa shemeji. Kwa ardhi hatufiki. Kilichobaki ni ndege.

Mashamba ya ngano yalikuwa na ndege ndogo iliyopeleka na kuleta vipuri vya kombaini na wakubwa. Meneja alikuwa na utaratibu wake: kukiwa na nafasi, mgonjwa anaweza kupanda. Tatizo lilikuwa kujua nafasi ipo lini, na kuhakikisha haikai mtu mwingine. Hapo ndipo mayai yalipoingia. Sikumhonga mtu. Nilipeleka shukrani mapema, kwa kuwa shukrani za baadaye watu huzisahau. Mayai yalikwenda kwa rubani, mtu wa Tanga mwenye familia kubwa Arusha ambako mayai yalikuwa hayaonekani. Asali ilikwenda kwa mtunza stoo, aliyepima mizigo na kujua ndege inaondoka lini. Beberu nilimpa dereva wa trekta aliyekuwa anavuta tela kutoka Katesh hadi Basotu kwenye ule udongo mweusi, ambao ukinyeshewa unamshika mtu kiatu na kukirudisha ukitaka wenyewe. Alhamisi jioni nikaambiwa kesho asubuhi zipo nafasi mbili.

Mama alikuwa amefunga chakula kwa kipimo cha baba. Makande, nyama ya kuchoma, kibuyu cha maziwa mgando, viazi vya kuchemsha. Chakula cha watu wawili kwa siku mbili, na hapo alikuwa amepunguza, maana tulimwambia ndege inakwenda mbio. Maharage yalikuwa yangu: debe moja na kisado, kile kindoo cha kupimia, ya kuuza Arusha ili tupate pa kulala karibu na hospitali.

Alfajiri tukapanda tela. Hatujafika mbali, baba akauliza kwa nini jua linampiga kisogoni. Nikamwambia tunakwenda Basotu. Akasema Arusha iko upande wa jua, na sisi tumelipa jua mgongo. Nikamweleza kwamba tunarudi nyuma kwanza ili ndege ituchukue, kisha itapita juu ya nyumba yetu kwenda mbele. Akasema hajawahi kuona mtu anakwenda sokoni kwa kuanzia upande usio na soko, lakini kwa kuwa beberu amekwishaondoka, twende.

Kiwanjani tulipimwa kwenye mzani wa magunia. Mtunza stoo akamwamkia baba vizuri, akamwomba apande. Baba hakupanda. Aliinama, akaupapasa ule mzani kama anayekagua ng'ombe.

"Huu ndio mnapimia ngano?"

"Ndiyo, mzee."

"Mnaponunua au mnapouza?"

Rubani, aliyekuwa amesimama chini ya bawa na kitambaa mkononi, akacheka mpaka akakaa kwenye gurudumu. Mwisho baba alipanda, lakini kwanza alidai mzani upimwe ukiwa mtupu, na nikaona mtunza stoo anasogeza kitu kidogo pembeni. Sikuuliza. Tulikuwa tunahitaji ndege, si ugomvi.

Tulizidi uzito. Mle ndani kulikuwa na chuma kikubwa cha kombaini kilichovunjika kinakwenda kuchomelewa mjini, na chenyewe kilikuwa na haki kuliko sisi. Rubani akasema, kwa ile sauti laini ya watu wa pwani, kwamba maharage anayakubali, lakini chakula kingi kibaki.

"Mzee wangu, saa moja haifiki. Utakula lini?"

Baba alitabasamu kwa adabu, kama anavyomtabasamia mchuuzi anayeapa. Akanigeukia na kusema kwa lugha yetu, "Huyu anasema saa moja. Mkata tiketi wa basi huwa anasemaje?"

"Anasema tunaondoka sasa hivi."

"Na tunaondoka lini?"

"Mchana."

"Basi."

Tulikubaliana kuacha viazi na nusu ya makande. Mtunza stoo alibaki amevishika, na sikuona dalili kwamba vingemfikia mtu mwingine.

Ndege ilipoinuka baba alinishika mkono, akaniachia haraka, kana kwamba alikuwa anapima tu unene wake. Nilimwambia ngano imekuwa kama blanketi, na mlima Hanang uko kulia kwetu na wingu shingoni. Akauliza nyumba. Nikamwambia ile pale, japo nilikuwa naona mabati mengi na la kwetu silijui. Akasema mama yako atakuwa anapepeta maharage. Nikasema ndiyo, anapepeta.

Halafu akaanza kunisimulia njia. Alipaza sauti juu ya injini, bila haraka, kwa mpangilio wa ile safari yake ya ujanani. Usiku wa kwanza walilala Dareda, na palikuwa na fahali mmoja mwekundu aliyekataa kabisa kuendelea, ikabidi mtu arudi nyumbani kumleta ng'ombe jike aliyezoeana naye. Hadithi ya fahali yule ilikuwa ndefu, na baba hakuikatiza hata sehemu ya mazungumzo na mwenye fahali. Usiku wa pili walilala Babati karibu na ziwa, viboko wakapiga kelele mpaka asubuhi, ng'ombe wakatawanyika, na mwenzao mmoja akapanda mti ambao asubuhi ilionekana ni mfupi kuliko kiboko. Nilicheka. Nilikuwa sijawahi kusikia habari hizo. Miaka yote ile hakuwahi kuwa na sababu ya kukaa karibu nami bila kazi mkononi.

"Sasa Magugu," akasema. "Magugu mbu walikuwa wengi hivi kwamba..."

Magurudumu yakagusa chini.

Ndege ikakimbia, ikapunguza, ikasimama. Rubani akazima injini, akageuka na kusema, "Karibuni Arusha, mzee wangu."

"Bado," akasema baba.

Rubani alidhani mzee anasikia kizunguzungu, akafungua mlango ili hewa iingie. Baba alikuwa ameshika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Akasema taratibu, bila hasira, kwamba yeye ni mtu mzima, hakulipia kuletwa Magugu. Magugu anaifahamu. Magugu ndipo barabara ilipokatika, na anayemshusha mgonjwa pale anamshusha kwenye maji. Kama mafuta yamepungua, rubani aseme, tuelewane. Lakini asiseme Arusha.

Nilimwambia, baba, hapa ni Kisongo, naona mlima Meru. Akasema mimi nimedanganywa pamoja naye. Nikamwambia asikie baridi. Akasema mvua imenyesha nchi nzima, baridi iko kila mahali. Rubani akapiga magoti mlangoni, akaapa. Baba akamwambia, kijana wangu, kiapo usikimalize, utakihitaji.

Ndipo nilipoelewa hesabu yake. Kwake hadithi moja ya malazi ilikuwa sawa na kipande kimoja cha njia, na vyote viwili vilikuwa vinakwenda pamoja kwa mwendo mmoja. Tulikuwa tumefika hadithi ya tatu. Zilibaki sita. Kwa hiyo aliyetutua hapo alikuwa ametupimia kwa debe lililobonyea kitako, na mtu wa aina hiyo baba yangu hajawahi kumwachia aondoke.

Rubani alinivuta pembeni. Wingu lilikuwa linaanza kujikusanya upande tuliotoka, na asiporuka mapema hatapata njia ya kutua Basotu. Akasema anatupa muda kidogo, baada ya hapo itambidi aruke naye na kumrudisha mzee alikotoka. Mimi nilikuwa nafikiria Ijumaa mchana. Nilifikiria kumbeba, maana alikuwa mwepesi. Lakini mtu anayembeba baba yake kwa nguvu mbele ya watu, hata macho yakipona, atatazamwa nayo vipi.

Nikarudi nikamuuliza, "Baba, nikupe ushahidi gani ukubali?"

Alifikiri. Akasema maneno ya watu hayana kazi, watu hupangwa. Lakini bei haipangwi. Kule Katesh, ukitoa kisado cha maharage unapewa chane mbili za ndizi. Babati chane tatu. Kadiri unavyoyaacha mashamba ya maharage na kuyakaribia ya ndizi, ndivyo maharage yanavyopata heshima. Arusha, alivyokuwa akisikia kwa wachuuzi, kisado kinakupa mkungu mzima. "Niletee muuza ndizi," akasema. "Wewe usizungumze naye. Nitaongea mwenyewe."

Nje ya wigo palikuwa na akina mama wanauza ndizi. Nilimwita mmoja, mama wa Kiarusha mwenye mikungu miwili, nikamwambia tu kwamba kuna mteja ndani ya ndege. Alikuja anajifuta mikono, akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hizi ndizi ni za wapi?"

"Za shambani kwangu, hapo juu. Kwani wewe, baba, unanunulia huko huko juu kama waziri? Hushuki?"

"Nitashuka tukielewana."

Akaomba aguse ndizi. Akazipapasa kidole kwa kidole, akanusa mkato wa shina ili ajue zimekatwa lini. Kisha akaniamuru nifungue kile kisado cha maharage, akauliza angepewa nini.

"Chane tatu," akasema yule mama.

"Unaona?" baba akaniambia kwa lugha yetu. "Tuko Babati. Tumerudi nyuma hata."

Rubani aliuliza mzee amesemaje. Nilimtafsiria, akaweka mikono kichwani. Yule mama alichukua harage moja, akaling'ata, akatazama lilivyokatika. Akauliza kama ni ya Hanang. Baba akasema ni ya Endasak, yanaiva kabla kuni hazijashika vizuri. Mama akasema haya, nusu mkungu.

"Nusu mkungu ni Minjingu. Endelea, mama, bado hatujafika."

"Mama, tafadhali," rubani akasema, "mpe mzee mkungu mzima, tofauti nitakulipa mimi."

Baba aligeuza uso kule sauti ilikotoka. "Kijana, usiingie. Bei ya kusaidiwa si bei."

Nimepatana na watu wengi maishani, wengine wakiwa wamekunywa, lakini sijawahi kutamani muuzaji amshinde mteja wangu na mteja wangu amshinde muuzaji kwa wakati mmoja. Yule mama hakuwa na haraka. Alikuwa mtu wa kazi yake. Alisema mkungu wake ni mkubwa, baba ashike mwenyewe auone. Baba akasema kisado chake kimejazwa mpaka kichwa, na kitako ni kizima, aguse. Mama akagusa kitako. Hapo nikajua wameheshimiana. Akalalamika kwamba asingehangaika hivi kama si malori ya maharage kupotea wiki nzima, yamekwamia huko Magugu.

Nilimtazama baba. Hakuwa amepitwa na neno.

"Hayo hata rubani angeweza kumfundisha," akasema, lakini mikono yake ilikuwa imelegea kidogo kwenye kile chuma.

Mama akavuta pumzi, akainua mkungu mmoja na kuuegemeza kwenye ngazi ya ndege. Akasema chukua, baba, mkungu mzima, na maharage yako nipe, watoto wamechoka na ndizi.

"Na nyongeza?"

"Baba, unataka kunivua nguo?"

"Chane moja tu. Mimi ni mgonjwa."

Akakata chane moja kutoka mkungu wa pili, akaiweka juu. Baba akatulia. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, kisha ikahesabu tena. Akasema hakuna mtu anayefundishwa kutoa mkungu mzima na chane juu yake. "Hapa ni mbali kweli," akasema. Akaachia kiti, akanyoosha mguu, akatafuta ngazi.

Sikumwambia, wala sijawahi kumwambia, kwamba siku ya kawaida pale Kisongo labda angepata nusu mkungu na maneno, na kwamba ni maji ya Magugu ndiyo yaliyopandisha maharage yetu. Jibu lilikuwa sahihi. Mimi jibu likiwa sahihi huwa sirudii hesabu ya mwenzangu.

Akiwa chini alimwomba rubani mkono. "Nisamehe, kijana wangu. Umetuleta mbali."

"Starehe, mzee wangu," akasema rubani, tayari yuko nusu ndani ya ndege, macho kwenye mawingu.

Tulifika hospitali kwenye Landrova ya mtu aliyekubali kulipwa kwa maharage, mkungu wa ndizi magotini kwa baba. Karani alikuwa anakusanya viti. Nilianza kumbembeleza na sauti yangu ndipo ilipoishia kabisa, ikabaki midomo inacheza. Baba akaongea badala yangu. Akamwambia karani kwamba ametoka Hanang leo asubuhi. Karani akasema haiwezekani, barabara haipitiki. Baba akamwambia hata yeye alikataa hivyo hivyo mpaka akaonyeshwa ushahidi, na akamwekea chane moja mezani. Akaandikishwa. Nyuma yetu wakafunga mlango.

Walipasua jicho la kulia. La kushoto walisema lingoje mpaka watakaporudi. Siku ya kufungua bandeji daktari alimwonyesha vidole, akamuuliza ni vingapi. Baba akasema vitatu, na pete moja, na kucha zikatwe. Kisha akageuka akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, kama anayeangalia shamba aliloliacha likiwa na miche.

"Umenenepa," akasema.

Nikamwambia ni biashara.

Akasema, "Vizuri," na akatazama dirishani, na sikumwangalia usoni kwa muda, kwa kuwa daktari alikuwa amemkataza machozi.

Tulikaa Arusha mpaka maharage yakaisha. Rubani aliturudisha kwa ndege ileile na safari hii hakutaka yai hata moja, alitaka tu mzee akubali kushuka tukifika. Baba alikaa dirishani, kikinga cha jicho amekipandisha kwenye paji la uso, hakusimulia kitu njia nzima. Aliomba tu aonyeshwe Magugu. Rubani akamwinamishia bawa. Chini palikuwa na maji yanang'aa na barabara inaingia ndani yake na kutoka upande wa pili.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Ndogo," akasema baba.

Endasak tulifika jua likiwa bado juu. Mama alikuwa amesikia trekta ikitushusha barabarani, amejifunga kitenge kipya na amesimama katikati ya uwanja, mikono haijui pa kukaa. Kwa zaidi ya miaka minne alikuwa anatazamwa na mtu asiyemwona. Baba alisimama hatua chache mbele yake. Hawakusalimiana. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akamtazama. Akafunika la kushoto, akamtazama tena. Akarudia mara mbili.

"Unatazama nini?" mama akauliza.

"Nakutazama."

"Nimezeeka?"

Mama akangoja, ameinua kidevu, na mimi nikajifanya nafungua mzigo. Baba akanisogelea, akainama kama anayetaka kunisaidia kufungua kamba, akaninong'oneza:

"Kwa hili la kushoto bado ni yule niliyemtolea mahari. Kwa la kulia ndiye huyu. Ameuliza, na haondoki mpaka ajibiwe. Wewe ndiye mfanyabiashara. Nishauri, mwanangu, nimjibu kwa jicho lipi?"